Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mabenki: Ulizeni Mzigo Umetoka Ardhi Ipi

Kwa Wakurugenzi Watendaji wa mabenki wanachama wa Chama cha Mabenki Tanzania
Nakala: Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania

YAH: MIKOPO YA BIASHARA YA NJE NA HATIMA YA MISITU

Ndugu Wakurugenzi,

Nina ombi moja, na nitalitaja mapema ili msije mkaisoma barua hii mkijiuliza ninataka nini. Naomba kila benki inayotoa fedha za kununulia mazao ya kusafirisha nje, na kila benki inayofungua LC, yaani hati ya benki ya kudhamini malipo, ya kuingiza bidhaa kutoka nchi za misitu, idai karatasi inayoonyesha mzigo umetoka ardhi ipi. Na mteja atakayeileta karatasi hiyo, riba na ada zake zipungue.

Mimi ni mtu wa nyaraka. Naandaa makaratasi ya kahawa inayoondoka Moshi kwenda bandarini, kwa hiyo maafisa wenu wa dawati la biashara ya nje nawafahamu kwa kazi yao, na nawaheshimu. Wakipokea bahasha yangu hukagua ankara, hati ya shehena, cheti cha uzito, cheti cha ubora, cheti cha afya ya mimea, cheti cha ufukizaji na cheti cha asili, kimoja baada ya kingine. Uzito ukitofautiana kwa kilo chache kati ya ankara na cheti, simu italia kabla ya saa sita mchana. Tarehe ya hati ya shehena ikivuka ile iliyokubaliwa, malipo yanasimama. Meli yaweza kuwa imeshafika mbali na kahawa yenyewe haina kasoro hata moja, lakini fedha haitoki mpaka karatasi zikae sawa.

Katika bahasha hiyo yote, karatasi inayozungumzia ardhi ni moja tu, cheti cha asili, nacho kinasema: Tanzania. Nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya 940,000. Hakisemi kama kahawa imetoka kwenye kihamba cha Marangu kilichorithiwa kwa vizazi kadhaa, au pembezoni mwa msitu wa hifadhi uliofyekwa mwaka juzi. Mbele ya benki kahawa hizo mbili ni sawa. Zinapata mkopo uleule, kwa riba ileile, kwa muda uleule. Aliyetunza miti na aliyeikata wanahudumiwa dirisha moja, na aliyeikata huenda akatangulia kwa sababu shamba lake ni kubwa na hesabu zake zimeandikwa vizuri.

Sidhani kama mmewahi kukaa mkaamua iwe hivyo. Ni mazoea ya biashara yaliyorithiwa. Lakini nchi hii inapoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka kwa takwimu za serikali yenyewe, na kati ya watu wote wanaogusa mazao yanayotoka kwenye ardhi, nyinyi ndio mnaoyagusa mapema zaidi. Afisa wa misitu hukutana na gogo kwenye kizuizi cha barabarani, mti ukiwa umeshaanguka. Forodha hukutana na mzigo getini. Nyinyi mnakutana na mteja miezi kadhaa kabla, anapokuja kuomba fedha za msimu, na wakati huo hakuna kilichokatwa wala kuvunwa. Shirika la Biashara Duniani linakadiria kwamba asilimia 80 hadi 90 ya biashara ya dunia hutegemea aina fulani ya fedha au dhamana ya mabenki. Hakuna wizara yenye uwezo wa kuuliza swali mapema kiasi hicho, kwa watu wengi kiasi hicho.

Nianze na kahawa, maana ndiyo ninayoijua.

Umoja wa Ulaya umepitisha sheria namba 2023/1115, iliyoanza kuwa na nguvu Juni 2023. Inakataza kuingiza kwenye soko lake kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, mbao na mazao ya ng'ombe yaliyotoka kwenye ardhi iliyokuwa msitu ikafyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mwagizaji wa kule lazima aonyeshe kila kipande cha ardhi kwa vipimo vya ramani: shamba dogo kwa nukta moja, shamba linalozidi hekta 4 kwa mchoro wa mipaka yake. Nchi wanachama zimetakiwa kuweka faini ambayo kiwango chake cha juu hakipungui asilimia 4 ya mauzo ya mwaka ya kampuni ndani ya Umoja huo. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili. Sasa makampuni makubwa na ya kati yanatakiwa kuanza tarehe 30 Desemba 2026, na madogo tarehe 30 Juni 2027. Wapo wafanyabiashara walioyapokea maahirisho hayo kama ruhusa ya kulala.

Fikirini maana yake kwa mkopo wenu. Kontena la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60. Mkulima wa kihamba au wa kibanja akipeleka AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, kahawa inayotosha gunia moja baada ya kukobolewa, basi kontena hilo moja limejaa jasho la familia 320, na kila familia inatakiwa iwe na nukta yake. Sheria hairuhusu kuchanganya kahawa inayojulikana ilikotoka na ile isiyojulikana. Nukta chache zikikosekana, mzigo mzima unaingia shaka. Mnunuzi wa Hamburg au Trieste atakataa kupokea nyaraka, na kwa kuwa kahawa yetu nyingi huuzwa kwa mtindo wa mnunuzi kulipa anapokabidhiwa nyaraka, kukataa kwake ni kukataa kulipa. Fedha mliyompa msafirishaji anunulie kahawa imekwama ndani ya kontena hilo. Kwa hiyo swali la ardhi ni swali la usalama wa mkopo, na yeyote katika idara zenu za mikopo anayeliona kama hisani kwa wanamazingira hajalisoma vizuri.

Kuna upande mwingine wa sheria hii unaoniuma, nao naomba mnivumilie niueleze kwa kirefu kidogo.

Kihamba cha Mchagga ni shamba lenye ghorofa. Juu kabisa kuna mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na majani ya ng'ombe. Maji huja kwa mfongo, yaani mfereji wa jadi. Kibanja cha Mhaya kina mpangilio unaofanana na huo. Kwa yeyote anayejua kilimo, hii ni miongoni mwa mifumo ya kilimo iliyotunza udongo na maji kwa muda mrefu zaidi katika ukanda huu. Sasa kitazame kihamba hicho kutoka angani, kwa picha ya setilaiti. Unaona vilele vya miti. Ramani ya misitu ya mwaka 2020 iliyotengenezwa na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya imekosolewa kwa kosa hilohilo, kuyahesabu mashamba ya kahawa ya kivuli kuwa misitu. Sheria yenyewe inatambua kilimo cha chini ya miti kuwa ni kilimo, na ramani hiyo haina nguvu ya kisheria. Lakini mnunuzi mwenye haraka, ameketi ofisini Ulaya na ana hofu ya faini, hatasoma maelezo ya chini ya ukurasa. Ataona kijani, ataona kahawa imetoka kwenye kijani, atahamia kwa muuzaji mwenye shamba kubwa jeupe lisilo na mti hata mmoja, lenye mipaka iliyonyooka na mchoro uliokamilika.

Mkulima aliyekata miti yake zamani atakuwa na karatasi safi. Aliyeitunza ataambiwa athibitishe. Ni dhuluma, na naiita kwa jina lake kwa sababu waliotunga sheria hii hawakukaa na mkulima wa nusu ekari mezani. Lakini dhuluma hiyo inaweza kurekebishwa kwa karatasi sahihi iliyoandaliwa mapema huku kwetu: nukta ya shamba, jina la mwanachama wa AMCOS, picha za shamba, na maelezo ya mtaalamu wa kilimo kwamba hapa pamelimwa tangu kabla ya 2020. Kuandaa karatasi hiyo kunahitaji kijana mwenye simu janja, pikipiki, na wiki kadhaa za kupita kihamba kwa kihamba. Kunahitaji fedha kidogo, kabla ya msimu. Nani ana fedha kabla ya msimu?

Mkulima hana. Anayeijua Kagera anaijua butura: mtu anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mtoto anatakiwa ada au mgonjwa yuko hospitali. Serikali imeipiga marufuku na bado ipo, maana marufuku haimlipii mtu ada. Ninaitaja hapa kwa sababu kahawa ya butura hupotea jina. Inaingia ghala la mlanguzi, inachanganywa na ya vijiji kumi, pengine inavuka mpaka usiku, na hakuna kifaa cha ramani kitakachoirudisha kwa mwenyewe. Mnapotaka kujua mzigo umetoka wapi, adui wenu wa kwanza ni ukosefu wa mkopo wa haki kijijini. Mkulima akipata malipo ya awali kupitia AMCOS yake kwa wakati, kahawa yake inabaki na jina lake mpaka ghalani.

Kwa hiyo naomba mkopo wa msimu kwa vyama vya ushirika na wasafirishaji uwe na fungu la kuandikisha mashamba, lilipwe kwanza, na masharti ya mkopo yakataze gharama hiyo kukatwa kwenye bei ya mkulima. Tuna sheria ya stakabadhi ghalani tangu mwaka 2005, na nyinyi mmezoea kuishika stakabadhi kama dhamana. Stakabadhi hiyo ikibeba orodha ya nukta za mashamba, dhamana yenu inapata thamani zaidi, kwani kahawa yenye nukta inauzika Ulaya na isiyo nayo itatafuta soko la bei ya chini.

Sasa upande wa pili wa dawati lenu, upande wa kuagiza. Hapa lawama hatuwezi kumpelekea Mzungu.

Kwa miaka mingi nchi hii imekuwa ikiagiza mafuta ya kula kwa wingi, na sehemu kubwa ni mawese. Indonesia na Malaysia peke yake huzalisha zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Mwaka 2015 moto uliteketeza takriban hekta milioni 2.6 nchini Indonesia, mwingi wake uliwashwa kusafisha ardhi ya kulima, na Benki ya Dunia ilikadiria hasara ya dola bilioni 16. Moshi ulifunika Singapore na Malaysia kwa wiki nyingi, watoto wakafungiwa ndani. Siwezi kusema pipa fulani lililoshuka Dar es Salaam lilitoka kwenye ardhi iliyoungua. Hakuna anayeweza kusema. Hakuna aliyeuliza.

Na swali lenyewe lina mahali pake tayari. Maafisa wenu wanajua ujumbe wa MT700 unaofungua LC, na wanajua kipengele cha 46A, panapoorodheshwa nyaraka ambazo muuzaji lazima alete ndipo alipwe. Katika LC za mawese ambazo wenzangu wa uagizaji wamenionyesha, orodha hiyo ina ankara, hati ya shehena, cheti cha ubora, cheti cha asili, bima. Kuongeza mstari mmoja unaodai uthibitisho kwamba mafuta hayakutoka kwenye ardhi ya msitu uliofyekwa hakuhitaji sheria mpya wala mfumo mpya wa kompyuta. Vyeti vipo: jukwaa la kimataifa la mawese endelevu, RSPO, lipo tangu mwaka 2004. Hata wazo la kuitoza LC ya mzigo uliothibitishwa gharama nafuu si geni; IFC ya kundi la Benki ya Dunia ililiunga mkono tangu mwaka 2014, kwa mawese hayohayo.

Ulaya inatuuliza kuhusu kahawa tunayowauzia. Sisi hatumuulizi mtu kuhusu mawese tunayonunua. Tukitaka tusikilizwe tunapolalamika kwamba mkulima wa kihamba ameonewa, ni vema nasi tuwe watu tunaouliza.

Najua jibu ambalo wanasheria wenu watalitoa kwanza. Watafungua kanuni za kimataifa za LC, UCP 600, zinazotumika tangu Julai 2007, na kuonyesha kifungu cha 5: benki hushughulika na nyaraka, haishughuliki na bidhaa. Ni kweli, na kifungu hicho ni kizuri. Bila hicho biashara ya kimataifa ingekwama mahakamani. Lakini mimi sijaomba mtume mtu Sumatra akahesabu miti. Nimeomba waraka. Kifungu cha 5 hakiwazuii kuchagua waraka gani muutake. Kinasema tu mtaukagua kama waraka.

Tena mmeshawahi kufanya kazi ngumu kuliko hii. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, kwa udhaifu wa kudhibiti fedha haramu. Mlibadilika. Mlianza kuuliza mmiliki halisi wa kampuni ni nani, meli inapita bandari gani, fedha imetoka wapi, na wateja walilalamika lakini wakajibu. Juni 2025 nchi ikaondolewa kwenye orodha hiyo. Anayeweza kufuatilia fedha ilikotoka kupitia makampuni matatu ya visiwani anaweza kufuatilia kahawa ilikotoka kupitia AMCOS moja ya Karagwe.

Wala sisemi hamjaanza. Hatifungani ya Kijani ya CRDB ya mwaka 2023 ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 171, mara nne ya lengo lake, na ilionyesha kwamba wawekezaji wapo. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa kusimamia hatari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi mwaka 2022. Ila fedha za kijani tulizozoea kuzisikia ni za miradi: umeme wa jua, maji, majengo. Hata Kanuni za Ikweta, ambazo mabenki makubwa ya dunia yamezifuata tangu 2003, zimetungwa kwa ajili ya miradi mikubwa. Mkopo wa biashara wa siku 90 au 180 hupita katikati bila kuulizwa, kwa sababu ni wa muda mfupi na hasara yake ni ndogo. Mkopo huo mfupi ndio unaorudiwa kila msimu, kila mwaka, kwa wateja walewale. Ukirudiwa mara 20 bila swali, umefanya kazi ya mradi mkubwa, na hakuna ripoti iliyouandika.

Mheshimiwa Gavana, hapa naomba uingie. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza nafuu ya akiba ya lazima kwa benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na benki zikaitikia. Nafuu ya namna hiyo ikitolewa kwa mikopo ya mazao yenye uthibitisho wa ardhi, benki ndogo nazo zitapata nguvu ya kushiriki. Bila hivyo kila benki itasubiri mwenzake aanze, ikihofia kwamba mteja atakayeulizwa leo kesho atahamia benki isiyouliza. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana sijamwandikia mkurugenzi mmoja. Nimewaandikia wote kupitia chama chenu, mkubaliane maneno yaleyale ya sharti na siku ileile ya kuanza.

Nina hofu moja nayo lazima niiseme. Benki ikilipokea ombi hili vibaya, itaifanya karatasi ya ardhi kuwa ukuta. Itasema: huna nukta, huna mkopo. Hapo mwenye shamba kubwa atapita na mwenye kihamba atabaki nje, akirudi kwenye butura, na baada ya muda ataing'oa kahawa na kukata mringaringa auze mbao. Sharti bila fedha ya kulitimiza litaangamiza miti ileile tunayotaka ibaki. Ndiyo maana nimeomba viwili pamoja, swali na nafuu, na nawasihi msichukue kimoja mkaacha kingine. Kwa msimu wa kwanza asiye na nukta akopeshwe kama kawaida na asaidiwe kuandikishwa. Msimu wa pili mwenye nukta aanze kuona tofauti kwenye riba yake. Na mwisho wa mwaka kila benki itangaze hadharani imetoa kiasi gani kwa kahawa, korosho, mbao na mawese, na kiasi gani kati ya hicho kilikuwa na uthibitisho wa ardhi.

Tarehe 30 Desemba 2026 haiko mbali, na nukta za mashamba hazichukuliwi bandarini. Naomba suala hili liingie kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho, na majibu yenu yatolewe hadharani kwa Kiswahili, ili wanachama wa AMCOS wa Karagwe, Marangu, Mbinga na Mbozi nao wayasome kabla hawajapeleka kahawa yao kwenye mizani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandaaji wa nyaraka za kahawa
Moshi